Mwalimu wa Ndege wa Katindiuka

Jumatatu, 5 Mei

Nimeanza kuandika leo kwa sababu mambo makubwa yanaanza leo, na baadaye watu watataka kujua yalianzaje. Mama Konsolata amekubali. Karibu amekubali. Amesema atampokea mjomba wangu Donati na barua ya posa, na mimi Remigius, fundi simu wa hapa stendi ya Ifakara, nitapewa jibu kuhusu binti yake Gladness. Sharti ni moja tu. Niamie ndege, yaani niwafukuze wasile, kwenye jaruba lake la mpunga kule Katindiuka mpaka siku ya pepeta.

Sababu yake ni kwamba anataka mkwe anayeweza kutulia mahali pamoja. Marehemu mumewe alifanya hivyohivyo kwenye mpunga wa wakwe zake, upande wa Mahenge. Alifukuza ndege tangu punje ziko kwenye maziwa mpaka mpunga mbichi ukakaangwa na kutwangwa pepeta, na siku hiyohiyo akajibiwa. Gladness alikuwa pembeni anachekea kwenye khanga. Nimechukulia kuwa ndiyo.

Kuna jambo zuri zaidi. Gladness anarudia mtihani wa hesabu na fizikia mwezi Novemba, anataka kwenda chuo cha uuguzi. Simu yake imevunjika kioo, ameiacha kwangu, na ameomba nimwekee yale masomo ya video ya hesabu na sayansi yanayotolewa bure mtandaoni. Nikamwambia masomo hayo hayapatikani ovyo, yanataka mtaalamu. Kusema kweli unabonyeza mara moja yanashuka yenyewe, lakini hayo si mambo ya kumwambia mchumba. Nikaongeza kuwa akikwama aniulize mimi, hesabu ziko kwenye damu yangu. (Nilipata F. Walionisahihishia wanajua walichofanya.)

Kioo ninacho dukani. Nimemwambia kinatoka Dar. Akikosa simu, atakuja kunisalimia kila siku.

Jumanne, 6 Mei

Ndege wanaamka kabla ya Wakristo. Nimefika shambani jua halijatoka, kwelea kwelea wamenitangulia, wamejaa kwenye matete kama wapangaji wanaomsubiri mwenye funguo. Nimepiga kelele. Nimevuta kamba ya makopo. Nimerusha udongo kwa kombeo, ukanirudia sikioni. Saa nne sauti imekwisha, nimebaki nafungua mdomo tu.

Ng'ambo ya tuta yupo Melkiori, anaamia mpunga wa shangazi yake. Masikio makubwa, maneno machache. Nimesikia huwa anamtazama sana Gladness kanisani. Sina wasiwasi. Mtu mwenyewe anavaa kandambili mbili za rangi tofauti.

Mchana Gladness ameleta wali na perege. Akaniuliza kuhusu kujumlisha sehemu, kwa nini zile namba za chini hazijumlishwi. Nikamwonyesha angani, nikamnong'oneza kwamba kazi ya mama yake kwanza. Melkiori akadakia kutoka kwenye tuta kwamba hata yeye sehemu hajawahi kuzielewa. Unakiri jambo kama hilo mbele ya mwanamke! Nimemhurumia.

Halafu leo kijiweni ilikuwa fainali ya drafti. Kiti changu amekikalia Beno, mpinzani wangu. Imeniuma kuliko sikio.

Jumatano, 7 Mei

Akili imefanya kazi. Kwa nini fundi simu apige kelele kwa koo? Nimebeba spika kubwa ya dukani, pawabenki na memori kadi.

Kwanza nikaweka nyimbo. Ndege wakatua kwenye kamba ya makopo kusikiliza. Mmoja nina hakika alikuwa anatingisha kichwa. Watoto wa mashamba ya jirani wakaja kucheza, wakakanyaga mpunga wa pembeni.

Nikawa natafuta wimbo mwingine, kidole kikateleza kwenye masomo ya Gladness, niliyoyashushia kwenye kadi hiyohiyo. Jamani. Huyo mwalimu wa kwenye video anaitwa Mwalimu Alphonce, na hajui kuongea taratibu. Anaanza kwa kupiga makofi. Anagonga ubao kwa rula kama anaua nyoka. Kila akipiga hatua mbili anauliza kwa kishindo kama tumeelewa. Alipogonga ubao mara ya kwanza, kundi lote liliinuka likaenda zake kuelekea mtoni, na nilipoondoka lilikuwa halijarudi.

Nimefukuza ndege kwa aljebra. Nani mwingine amewahi, bonde hili lote, toka Sanje mpaka Mlimba?

Alhamisi, 8 Mei

Spika nimeiweka kwenye dungu, kile kichanja cha kukalia juu ya mpunga. Pembeni yake nimesimamisha mti, nikauvalisha koti langu na kofia. Masomo nimeyapanga yafuatane, nikaondoka. Saa mbili asubuhi niko kijiweni mbele ya ubao wa drafti. Nimefungwa na Beno, lakini kwa heshima.

Jioni narudi kuchukua vitu, Mama Konsolata huyu hapa njiani. Nikatoa shikamoo. Akaitikia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Amesema sauti yangu imefika mpaka jikoni kwake kutwa nzima. Kumbe huku naamia ndege, huku nafundisha watoto hesabu! Hajawahi kuona kijana wa namna hiyo. Ameshangaa kitu kimoja tu, kwamba sauti yangu shambani ni nzito kuliko nyumbani.

Nilipaswa kumwambia. Nilifungua mdomo ili nimwambie. Kilichotoka ni kwamba upepo wa bondeni unakuza sauti.

Ijumaa, 9 Mei

Leo nimepona kwa bahati. Gladness amepeleka chakula dunguni akakuta koti. Akaja dukani na hotpoti tupu mkononi. Nikajua nimekwisha.

Kumbe hakukasirika. Amesema hatamwambia mama yake. Ameomba tu nipandishe sauti kidogo na nirudie somo la sehemu, maana simu hana, itabidi asomee hukohuko shambani. Nikauliza chakula changu. Akasema kisiharibike, amempa Melkiori. Hilo sikulipenda. Lakini msichana anayekufichia siri kwa mama yake mzazi anakupenda, hakuna tafsiri nyingine.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya misa wanawake wa jumuiya wamenizunguka. Mama Konsolata amewasimulia yote na kuongeza yake. Sasa mimi ni Mwalimu Remigius. Watoto wananiamkia wakiwa bado mbali. Nimenunua kalamu ya kuweka kwenye mfuko wa shati.

Shida ni ndogo tu. Jumuiya imeomba kwamba siku ya pepeta, watu wakikusanyika kwa Mama Konsolata, niwafundishe watoto somo moja mbele ya wazazi. Mjomba Donati naye atakuwepo. Nimesema hakuna taabu. Ukishaitwa mwalimu nje ya kanisa, watu wote wanasikia, utasemaje?

Melkiori alikuwa pale pembeni. Aliniangalia akatabasamu. Wivu ni ugonjwa mbaya sana.

Jumanne, 13 Mei

Nimekwenda shambani kubadilisha pawabenki. Nimeona mambo.

Ndege kwanza. Mwalimu Alphonce ana tabia moja. Akimaliza kueleza anatoa swali, halafu ananyamaza muda mrefu ili mwanafunzi ajaribu mwenyewe. Mimi sikulijua hilo kwa sababu sijawahi kusikiliza mpaka huko. Kwelea kwelea wamelijua. Wanakaa kwenye matete wametulia, wanasubiri. Akisema tu tujaribu wenyewe, wanashuka wote kula. Akikohoa kutaka kutoa jibu, wameshapanda. Hawakosei hata mara moja. Darasa letu la kidato cha nne halikuwahi kushika ratiba namna hiyo.

Nikajiuliza mbona hawaendi kwa Melkiori. Nikakaa chini ya dungu kuchungulia. Swali likishatolewa, Melkiori na watoto wa mashamba ya jirani wanaanza kubishana, huyu anasema eksi ni nane, yule anasema ni tano, wanampigia makofi aliyepata. Kelele tupu. Basi ndege wanahamia upande wenye ustaarabu, ambao ni wangu.

Sijatishika, kwa sababu mpunga wenyewe nimeutazama. Wangu umesimama wima, kichwa juu, unapendeza. Wa Melkiori masikini umeinama wote, masuke yamelala kama yana homa. Hiyo ndiyo shida ya kukataa teknolojia.

Kwenye tope la tuta pamechorwa pembetatu na namba nyingi kwa kijiti. Pembeni kuna nyayo za kandambili, na nyingine ndogo za viatu vya kike zimekaa karibu nazo sana. Watakuwa wanapima mfereji.

Alhamisi, 15 Mei

Nimepata dawa ya ukimya wa Mwalimu Alphonce. Nimerekodi sauti yangu mwenyewe nikifoka, toka, toka, ondokeni hapa, nikaipachika katikati ya masomo. Kupachika mahali sahihi kungenilazimu kusikiliza somo lote, kwa hiyo nimepachika kwa kukadiria.

Mchana wamekuja watoto wa Katindiuka dukani, kundi zima, wamevaa nyuso za mkutano. Shikamoo mwalimu, wamesema. Wanalalamika kwamba kila Mwalimu Alphonce akitaka kutoa jibu anatokea mtu mmoja anawafukuza. Wanaomba mtu huyo aondolewe. Nikauliza ndege wanasemaje. Wakasema ndege mara ya kwanza tu ndiyo walibabaika, sasa hata wakifukuzwa wanakula.

Nimeiondoa. Imeniuma kidogo kwamba sauti ya mtu mwingine kwenye mashine inatisha kuliko yangu hata nikiwa kwenye mashine.

Jumamosi, 17 Mei

Gladness hajaulizia simu yake wiki nzima. Leo nimemkumbusha mimi. Akasema nisijisumbue, kioo kitafika kitakapofika. Ana subira, atafaa sana kuishi na fundi.

Nimepata pia njia ya siku ya pepeta. Spika nitaiweka chini ya meza, na meza itafunikwa kitambaa mpaka chini. Mwalimu Alphonce atasema, mimi nitafungua mdomo. Si wanajua tayari kwamba ile ndiyo sauti yangu? Nimechagua somo la pembetatu mraba. Nimefanya mazoezi kwa kinyozi mbele ya kioo kikubwa. Dakika za mwanzo nimeziweza kabisa, hata kukohoa nakohoa naye. Zilizobaki sikusikiliza, hesabu zinanipa usingizi.

Kinyozi ameniuliza kama naumwa meno.

Jumamosi, 24 Mei

Nitaandika yote, ingawa sitaki.

Asubuhi wanawake wametangulia jarubani kukata mpunga wa pepeta. Nimewafuata na shati langu la kalamu. Nikamkuta Mama Konsolata amesimama katikati ya jaruba. Akachuma suke moja, akalipukuchua kiganjani, akapuliza. Yakaruka yote, makapi matupu. Akachuma jingine. Nikamwambia atazame ulivyosimama vizuri.

Akauliza kama kwetu hawalimi. Mpunga wenye punje unainama, amesema, uliosimama wima hauna kitu ndani, na hilo bonde hili lote wanalijua, hata mtoto wa kubebwa. Mimi nimekulia stendi, mpunga nimezoea kuuona ukiwa wali.

Pepeta imetwangwa kwa mpunga wa shangazi yake Melkiori, uleule wenye homa.

Mama Konsolata hakusema zaidi kwa sababu wageni walishaanza kufika. Nikajua kilichobaki cha kuniokoa ni somo. Watoto wakakaa kwenye mikeka, wazazi nyuma yao, mjomba Donati kwenye kiti cha mbele na sahani yake ya pepeta. Nikabonyeza simu mfukoni. Makofi yakasikika. Nikafungua mdomo.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Nilitembea, nilinyoosha kidole, mdomo ukaenda sawasawa na sauti. Mjomba aliacha kutafuna. Kisha nikasikia sauti nyingine. Walikuwa watoto. Wamelisikia somo hili kutoka mashambani mpaka wamelikariri, wakawa wanalisema pamoja nami neno kwa neno, halafu wakaanza kunitangulia. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba sasa anakaribia kukohoa. Nikakohoa.

Nikafika pale mazoezi yangu yalipoishia. Sauti yangu ikawaomba wote waliopo wabonyeze alama ya kengele hapo chini ili wasipitwe na masomo mapya. Mama mmoja wa jumuiya akauliza kengele iko wapi. Watoto wakainua kitambaa cha meza kuitafuta.

Hapo ningeweza kukimbia. Lakini Mwalimu Alphonce akatoa swali, kisha akanyamaza, kama kawaida yake. Pembetatu mraba, upande mmoja tatu, wa pili nne, ule mrefu ni ngapi. Watu wote wakanitazama. Nikasema saba.

Gladness na Melkiori wakasema tano, kwa pamoja. Wakatazamana, wakacheka, na kwa namna walivyocheka nikazielewa zile nyayo za kwenye tuta. Hapo ndipo paliponiuma kweli. Chini ya meza Mwalimu Alphonce akakohoa, akasema jibu ni tano, akauliza kama tumeelewa. Watoto wote wakaitikia ndiyo mwalimu.

Mama Konsolata hakufoka. Aliinama, akatoa spika, akaifuta vumbi kwa ncha ya khanga, akaiweka juu ya meza. Akawaambia watoto watulie mwalimu aendelee. Kisha akanionyesha mkekani, mstari wa mbele, akasema na mimi nikae nisikilize. Nimekaa somo zima nimekunja miguu katikati ya watoto. Mmoja aliniazima kijiti cha kuchorea.

Baadaye alizungumza mbele ya mjomba. Alisema kila asubuhi alikuwa anapita njiani, koti langu halimwamkii, akajipa moyo kwamba ni umakini wa kazi. Alisema yeye aliahidi kumsikiliza kijana atakayekaa shambani mpaka pepeta, na aliyekaa ni Melkiori. Gladness akaulizwa anasemaje. Akasema kwanza mtihani, na akishamaliza, ndugu zake Melkiori wakibisha hodi atafurahi. Mama yake akasema sawa. Nikamtazama mjomba Donati anitetee. Mjomba akaomba aongezewe pepeta.

Jumatatu, 26 Mei

Nimetafakari kwa kina ni wapi palipoharibika. Ni kwenye ukimya. Mwalimu Alphonce asingenyamaza, ndege wasingekula, mpunga ungeinama, ningeoa. Nimemwandikia malalamiko chini ya video yake. Amejibu asante kwa maoni, tuendelee kujifunza pamoja.

Gladness amekuja kuchukua simu. Nimembandikia kioo palepale, chai niliyomwagizia haijapoa. Hakuuliza kilifika lini kutoka Dar. Akanishukuru, tena kwa moyo. Amesema bila ile spika asingeelewa sehemu wala aljebra, na asingejua kwamba Melkiori ana maneno mengi hivyo ukimpa hesabu. Kisha akauliza mimi nimeelewa nini katika masomo yote yale. Nikamwambia nimeelewa yote. Alipoondoka nilikaa muda bila kugusa bisibisi. Nilimpenda yule msichana. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Saa tisa akapita Mzee Evaristo wa Sanje kuchaji simu. Ana migomba mingi chini ya mlima, na ngedere wanaiteremkia kutoka msituni kila siku. Anatafuta kijana mwenye subira wa kuwalinda wasimmalize. Ana binti anaitwa Rosemery. Rosemery anataka kusomea famasia na kemia inamsumbua. Nimemwambia mzee kwamba kemia iko kwenye damu yangu.

Masomo nimeshayashusha. Yote bure, na mengine yana milipuko. Ngedere si ndege, hawana kichwa cha kushika ratiba ya mtu. Halafu huyu mwalimu wa kemia hanyamazi hata kidogo, nimehakikisha mwenyewe kwa kusikiliza dakika za mwanzo.

Koti na kofia nimeshavifua.